Mwanamke wa Kwenye Bango

4 Februari

Mdogo wangu Brashi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku hatujambo, ukiondoa yale madogo ya kila siku. Shemeji yako anakusalimu. Bado anatengeneza baiskeli za watu huku yake haina breki. Mwanangu mkubwa ameota vindevu viwili vitatu, na siku hizi anatembea kidevu mbele ili tusiache kuviona. Mimi nashona sare za shule mpaka nikifumba macho naona kola. Wewe umekaa kimya tangu mwaka jana, na mama anauliza kama brashi yako imekauka.

Barua zako tunazisoma vilevile, usidhani mambo yamebadilika. Bahasha haifunguliwi mpaka tumekula na mama amekaa kwenye kiti chake, kisha nasoma kwa sauti, neno kwa neno. Unaijua sheria yake, kwamba barua ya nyumbani haisomwi na mmoja halafu akawagawia wengine anachotaka. Macho yamepungua lakini masikio ni yale yale. Juzi nilijaribu kuruka mstari kwenye barua ya mama mdogo, akaniambia, rudi nyuma, umemeza kitu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mgongo wake umezidi kupinda. Miaka yote aliyoinamia mabeseni akifua mashuka ya watu imekuja kudai chake, na sasa akisimama anatazama vidole vyake vya miguu. Hospitali walimpiga picha wakasema mifupa imekuwa dhaifu. Wakampa vidonge na mazoezi ya taratibu, wakamwonya asibebe kizito wala asikubali kuvutwavutwa na mtu. Amechoka nao. Anasema vile vidonge vinamrefushia siku, si mgongo.

Basi mtaa wa nyuma ya posta amefungua mtu, anajiita Daktari wa Mgongo na Viungo. Nje ameegemeza bango kubwa kuliko mlango. Upande mmoja kuna uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Upande wa pili kuna mwanamke amesimama wima, ana beseni kichwani, anacheka. Nilipita mbele yake siku kadhaa kabla sijashtuka, kisha nikaenda kumchukua mama. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Aliona kilemba chenye fundo la upande wa kushoto, akaona na pengo la jino. Akasema, "Huyu ni mimi. Na huu ni mkono wa mwanangu."

Niambie kama ni wako. Na kama ni wako, huyo daktari unamjua? Mama anataka kwenda, na kila nikifungua mdomo ananiambia kwamba wewe umeshamtolea ushahidi.

Dada yako


11 Machi

Dada, shikamoo. Na mama nampa shikamoo yake peke yake, ya magoti mpaka chini.

Nisameheni kwa kuchelewa. Mvua zimeniharibia kazi, rangi haikauki, na wateja hawaelewi kwamba jua silitengenezi mimi. Mwenye bucha wa hapa jirani amekataa kuchukua bango lake kwa sababu ati ng'ombe niliyemchora ana huzuni. Nimemuuliza ni ng'ombe gani atakayecheka akijikuta juu ya mlango wa bucha. Mwambie mjomba mwenye vindevu kwamba ninayo rangi nyeusi, akitaka nimwongezee vingine.

Nimefurahi kusikia shemeji yuko salama, ingawa kwa baiskeli isiyo na breki sijui hiyo salama inatoka wapi. Mimi afya ni nzuri. Chumba ni kilekile, nimepata dirisha jipya baada ya lile la zamani kuamua kuhama.

Kuhusu bango, ni la mkono wangu, siwezi kulikana. Mteja alitaka mwanamke mwenye mgongo mzuri, na mimi mgongo mzuri ninaoujua ni mmoja. Kuhusu mteja mwenyewe, mimi ni mtu wa kuchora. Mchora mabango akianza kuwahoji wateja atalala njaa. Alikuwa mtu wa kutabasamu sana. Ila ningependa mama aendelee na hospitali kwanza. Dawa yao ni ya taratibu, lakini haraka haraka haina baraka, na hilo katufundisha mwenyewe.

Ningesema zaidi, lakini karatasi imekwisha.

Mdogo wako, Brashi


23 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mashine yangu imevunjika sindano mara mbili wiki hii, na shemeji yako amejigonga kwenye lango la shule akiwa juu ya ile baiskeli, mbele ya wanafunzi wote. Anachechemea kidogo na hataki tuulize.

Karatasi yako haikuisha. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Niliigeuza, nikaitazama, nikaikunja tu kwa sababu mama alikuwa ananisikiliza. Yeye katika barua nzima alisikia maneno matano tu, kwamba bango ni la mkono wako. Akapiga kiti kofi, akasema, "Umesikia? Hajakana." Yale ya hospitali aliyageuza juu chini. Anasema una adabu, hutaki kuwavunjia heshima madaktari wakubwa.

Kwa hiyo tulikwenda. Nakueleza nilichokiona, nawe utaniambia kama mimi ndiye mwenye roho mbaya. Chumba kina kitanda kimoja chenye plastiki ya kahawia na feni inayozunguka ikilia. Mtu mwenyewe amevaa koti jeupe lililokunjwa mikono. Hakuuliza mama ana umri gani, hakuuliza anakunywa dawa gani, wala hakutaka kuona picha tulizobeba kutoka hospitali. Hakuwa hata amemgusa, akachomoa picha yake ya eksirei, akaibandika dirishani, akasema huu ndio mgongo wako, mama, na usipotibiwa leo hii utakata mishipa ukose miguu. Mama akajishika kiuno. Mimi nikasogea karibu na ile picha. Chini kabisa, usawa wa kiuno, kulikuwa na kivuli cha zipu ya suruali. Mama yetu tangu azaliwe hajavaa suruali. Nilipomwonyesha yule mtu, akacheka, akasema mitambo ya kisasa ina mambo mengi.

Akasema mikono yake inatibu mgongo, presha, sukari, pumu na hata uziwi. Akasema vidonge vya hospitali vinagandisha mifupa, aviache. Tulipe matibabu yote kwa mkupuo mmoja, siku hiyohiyo, maana kesho bei si hiyo. Nikamwomba anionyeshe leseni. Akasema iko kwa fundi wa fremu.

Nilitaka kumshika mama mkono tutoke. Lakini alimlaza, akampaka mafuta ya moto mabegani, akamkanda taratibu, na usiku ule mama alilala bila kuguna. Usingizi wa mafuta ya moto hata mimi ningeupata, lakini hebu mwambie yeye. Vidonge ameviweka juu ya kabati na mimi simteremshii tena.

Kazi yenyewe bado. Anasema shingo ndiyo mlango wa mgongo, ataizungusha mara moja kwa nguvu, isikike ikilia, kisha kila kitu kitajipanga. Ametupa Jumamosi ya tarehe 20 Aprili. Nimemwomba mama asubiri barua yako kwanza. Amekubali kusubiri mpaka siku hiyo, lakini baada ya hapo hasubiri tena.

Nitakuambia na langu, na hili nitalisoma kwa sauti kabla ya kuifunga bahasha ili lisiwe siri. Sijampinga kwa nguvu zangu zote. Nimechoka kumwinua kitandani kila alfajiri, na kuna siku natamani huyu mtu awe mkweli, basi tu. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Kama kuna kitu, kiseme.

Dada yako


9 Aprili

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nawasalimu wote. Mzaha leo sina.

Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Kwanza nilitaka nimwandikie dada peke yake, kikaratasi kidogo nikitie katikati ya gazeti, mama asikisikie. Kisha nikaona kwamba kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa hiyo dada, soma kwa sauti na usiruke kitu, hata pale utakaponionea aibu.

Yule si daktari. Ni kinyozi. Alikuwa na kibanda mtaani kwetu, mlango wa nne kutoka kwangu, na bango lake la kinyozi nilimchorea mimi. Alikuwa na mtindo wake. Akimaliza kukunyoa anakushika kidevu na kisogo, anakuzungusha shingo mpaka ilie, watu wanacheka, wanasema wamekuwa wepesi. Nami nimewahi kuzungushwa. Polepole wakaanza kuja wasiotaka kunyolewa. Mmoja ana mgongo, mwingine ana bega. Naye akaacha mkasi, akaanza kuitikia akiitwa daktari.

Kuna mzee mmoja hapa, mchukuzi wa mkokoteni. Alikuwa anabeba magunia akiimba. Alikwenda kwa kinyozi kwa sababu ya maumivu ya bega, akazungushwa shingo, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haushiki kitu. Sasa anajifunga kamba, kifundo cha mkono kwenye mpini wa mkokoteni, ndipo anausukuma. Anapita mbele ya karakana yangu kila asubuhi na ananisalimu.

Maneno yalipoanza mtaani, kinyozi akaamua kuhama. Wiki moja kabla ya kuondoka alikuja kwangu amebeba bango lake lilelile, akasema nilifute niandike Daktari. Nilimuuliza udaktari ameupata lini. Akacheka, akasema mikono haihitaji cheti. Wakati ule yule mzee alishafunga kamba, dada. Nilikuwa nimeshaiona kwa macho yangu. Nikachanganya rangi.

Nilijiambia kwamba anakwenda mbali, atawapata watu nisiowajua. Sikuuliza ni wapi. Na aliposema anataka mwanamke aliyepona, mkono wangu haukuwaza mara mbili, ulimchora mama. Niliona raha kumchora. Nilichelewesha hata kumkabidhi, nikabaki namtazama.

Ukitaka ushahidi, chukua kisu ukwangue pembe ya chini ya kulia. Chini ya rangi nyeupe utakuta mkasi na kitana.

Mama, wapo wanaoijua kazi hii ya mgongo, wamesoma na wana leseni zilizotundikwa, si zilizo kwa fundi. Mtu wa namna hiyo angekuuliza maswali mpaka uchoke. Angezitazama picha zako mwenyewe. Angesikia mifupa yako ni dhaifu, angeogopa kukugusa shingo, na angekurudisha hospitali bila kuona haya. Wala asingekwambia uache dawa ya mwenzake. Huyu haogopi kwa sababu hajui cha kuogopa.

Mwezi uliopita niliyajua yote haya nikakwambieni karatasi imekwisha. Niliona aibu mama kunisikia. Usiende, mama. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba nikiwa mdogo.

Brashi


28 Aprili

Mdogo wangu,

Shemeji yako na watoto hawajambo. Salamu zao utazipata mwishoni, nikijaliwa kufika huko.

Barua yako ilifika. Ilifika Jumamosi ileile asubuhi. Tulipita posta tukiwa njiani, maana ni mbele tu ya pale, na karani akanipa bahasha yenye mwandiko wako. Nilifurahi mpaka nikamwonyesha mama. Aliipapasa pande zote, akasema imenona, ina habari. Nikamwambia tuifungue. Akasema, "Jioni, tukishakula, kama siku zote. Tumalize hili kwanza."

Ningeweza kuichana palepale. Mimi ni mtu mzima, mama wa watoto, nina meno na nina vidole. Lakini tangu utotoni sijawahi kufungua bahasha mama akiwa amesimama, na asubuhi ile pia sikufungua. Niliitia kwenye mkoba.

Tulipoingia, nikakaa kwenye kibenchi, mkoba magotini. Alimkalisha mama kwenye kiti, akamshika kidevu na kisogo kama ulivyoeleza, ila mimi nilikuwa sijasoma ulivyoeleza. Akamwambia mama avute pumzi. Ikalia. Mama alisema "ah" tu, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu. Nikiwa pale nilikuwa napapasa bahasha kwa kidole gumba juu ya kitambaa cha mkoba, nikiwaza utakuwa umeandika kichekesho gani.

Mchana kikombe kilimtoka mkono wa kushoto. Akasema ni uchovu, nami nikafuta sakafu nikakubali. Jioni tulikula, akakaa kwenye kiti chake, nikafungua. Nilisoma kwa sauti wala sikuruka. Nilipofika kwa mzee wa mkokoteni niliinua macho. Mama alikuwa ameuchukua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, ameuweka mapajani, anaubonyeza kidole kimoja kimoja. Nikashusha karatasi. Akaniambia niendelee. Niliendelea mpaka kwenye jina lako.

Hospitali wamemvalisha kola ya shingoni. Wanasema mshipa wa fahamu umebanwa, na kwamba vidole huenda vikarudi kidogo kidogo, vingine huenda visirudi. Daktari hakunikemea. Aliuliza tu kama hakuna aliyetuonya, wakati onyo lilikuwa kwenye mkoba wangu. Vidonge amevirudia.

Shemeji yako alikwenda ofisi ya afya kutoa taarifa, wakaja na askari, wakakuta mlango una kufuli na kitanda hakipo. Bango ameliacha. Nadhani lilimshinda kubeba. Nilikwangua pembe kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi, nikaukuta mkasi. Kitana sikukitafuta.

Nimekukasirikia sana. Naamka nimeshaanza kugombana nawe, nakuita majina yote ninayoyajua, halafu naukumbuka ule mkoba magotini na hasira inakosa pa kukaa. Maji yamekwisha kumwagika. Wewe ulichelewa kusema, na mimi nilichelewa kufungua. Kuna asubuhi nikimfunga mama vifungo vya gauni, maana sasa hawezi mwenyewe, ananishukuru, na mimi natamani anipige.

Yeye hajasema lolote baya juu yako. Alimwagiza tu shemeji yako alete lile bango nyumbani. Tumelisimamisha ukutani, chumbani kwake. Huwa analitazama kwa karibu, pua kwenye rangi, kama siku ile. Jana aliniita, akaniambia niandike haya kama anavyoyatamka. "Mwambie asijiue kwa mawazo. Mwambie pia kwamba simwambii si kitu, maana ni kitu. Huyu mwanamke wa bango nimemchoka, ananicheka. Aje anichore nilivyo. Asininyooshe hata unywele."

Watoto wanakusalimu.

Dada yako


15 Mei

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Naogopa kuwauliza mmeamkaje, lakini nauliza.

Nilikwenda kwa mzee wa mkokoteni. Nilimwambia kwamba nilijua, na kwamba nilichora. Alikuwa anafungua kamba mkononi kwa meno. Aliniambia, "Kumbe ulijua," akaendelea na kamba yake. Siku ya pili tulikwenda pamoja polisi, akasema yake, nami nikasema yangu. Tangu hapo anapita upande wa pili wa barabara.

Mama, nilijaribu kukuchora nilivyoagizwa. Nimeharibu karatasi nyingi. Naanza na miguu, napanda kiunoni, na kila nikifika hapo mstari unakwenda juu wenyewe, wima. Nilidhani mkono umezoea uongo. Kisha nikaelewa kwamba sijui umepinda namna gani. Mara ya mwisho kukuona ulikuwa umenisindikiza kituoni na sanduku langu kichwani, ukanikataza nisikupokee. Tangu siku ile nawaletea vichekesho kwenye bahasha. Dada ameandika mgongo, mgongo, barua baada ya barua, na mimi nilikuwa nasoma kama habari za mtu mwingine.

Nimefunga karakana. Ng'ombe wa bucha nimempa mwenyewe bure, na huzuni yake. Nitapanda basi la Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, na nitakaa, sitapita tu. Dada utanifundisha jinsi ya kumwinua alfajiri, wewe ulale.

Soma kwa sauti mpaka mwisho, dada. Mama, nakujua. Ukisikia hodi yangu utashika ukuta ujinyooshe ili nisikukute ulivyo. Usijinyooshe kwa ajili yangu. Kaa hivyohivyo, nitainama mimi.

Mwanao